Majaribio Yote Yamefaulu

Mwezi uliopita nilialikwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa watu wa programu za kompyuta. Nilikaa kiti cha nyuma kama kawaida yangu, na aliyepanda jukwaani akawa Mhandisi Elibariki, mkubwa wangu wa kazi ya kwanza. Nilikuwa sijamtia machoni kwa miaka mingi. Nywele zimekuwa nyeupe, lakini sauti ni ile ile ya mtu anayesoma matangazo ya kanisani. Alikuwa akiwafundisha vijana namna ya kutoa majaribio ya programu kutoka kwenye mchoro: unachora vijumba, unaviunganisha kwa mishale, kompyuta inaufuata kila mshale mpaka unakoishia, na kila njia iliyopitiwa inakuwa jaribio moja. Kisha akaonyesha mfano ukutani, nami nikautambua papo hapo. Ulikuwa mchoro wetu wa Kigoma. Haukuwa ule uliokuja kusahihishwa baadaye, ulikuwa wa kwanza kabisa, na vijumba vyake saba na rangi yake ya kijani. "Huu hapa," akawaambia, "haukuwahi kufelisha jaribio hata moja." Vijana wakapiga makofi. Mimi nikachukua mkoba wangu nikatoka. Wasemao kwamba hasira hupoa kwa miaka sijui huwa wanakasirikia nini, maana yangu nilipofika nje niliikuta mbichi kabisa, na nimerudi nayo nyumbani, na leo nimeamua kuiandika.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuoni sijui kitu, najiona najua vyote. Mradi ulinichukua niwe mpimaji wa programu, ukanipeleka Kigoma. Ofisi yetu ilikuwa Katubuka, kwenye nyumba ya kuishi iliyopangishwa. Sebule ndiyo ilikuwa ofisi, na mapazia ya maua ya mwenye nyumba yalikuwa bado yananing'inia madirishani. Ukuta mzima wa upande wa jikoni tulikuwa tumebandika karatasi nne kubwa zilizoungwa kwa gundi, na juu yake ndipo ulipokaa mchoro. Kazi ya mfumo ilikuwa moja tu. Vijiji vingi vya mwambao, hasa vya kusini, havina barabara ya maana. Mama mjamzito akishikwa na uchungu mgumu, njia ya kumfikisha hospitali ni ziwani. Kwa hiyo nesi wa zahanati angeomba boti kwa simu yake. Mfumo ungetazama boti za wavuvi zilizoandikishwa, ungechagua iliyo karibu ambayo imevutwa ufukweni, ungemtumia nahodha ujumbe wa kwenda, na papo hapo ungemjibu nesi: Boti imepatikana. Mishale ilipita vizuri kutoka kijumba hadi kijumba. Mhandisi Elibariki alikuwa ameuchora akiwa Dar, wakubwa wa mradi wakautia sahihi huko huko, na ulifika Kigoma umeviringishwa ndani ya bomba la plastiki, umekamilika.

Mwanzoni niliyatunga majaribio kwa kidole. Nilisimama mbele ya ukuta, naweka kidole kwenye kijumba cha kwanza, nafuata mshale, naandika daftarini: nesi akiomba na boti ipo, itokee hivi, nesi akiomba na boti zote ziko ziwani, itokee vile. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na kila jioni nilikuta kuna mshale nimeuruka. Ndipo Mhandisi alipokuja na programu yake iliyousoma mchoro wenyewe na kuyatema majaribio kwa dakika moja, mia moja na kumi na mawili, bila kuruka hata mshale mmoja. Sitaki kujifanya leo kwamba sikufurahi. Nilifurahi mno. Niliwasha kompyuta asubuhi, nikarudi na chai, nikakuta orodha ndefu ya kijani, na kila mstari wa kijani ulinipa raha kama nimeufua mwenyewe nikauanika. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikujiuliza, kwamba majaribio yaliyozaliwa na mchoro hayawezi kujua kitu ambacho mchoro haukijui. Ukimwuliza mwongo kama amesema kweli, akakujibu ndiyo, umepima nini hapo?

Nilipanga chumba Kasingirima, kwa Bi Mwamini na mumewe Mzee Hamisi. Mzee alikuwa fundi wa injini za boti, na karakana yake ilikuwa ua wa nyumba. Alikuwa ameegemeza gogo refu kwenye misumari mizito ukutani, na injini zilizoletwa kutengenezwa zilipangwa juu yake, zimefungwa kwa skrubu zake kama zinavyofungwa nyuma ya boti. Kuna majuma gogo lilikuwa tupu, akakaa ananoa bisibisi na kulalamika. Kuna majuma lilijaa mpaka nyingine zikalazwa juu ya magunia mlangoni kwangu, nikawa natoka chumbani kwa kuziruka. Nilinung'unika juu ya harufu ya petroli, nikahamisha ndoo yangu, basi. Mezani kwa Bi Mwamini nilikula samaki aina ya migebuka kwa mawese na ugali wa muhogo mpaka nguo zikanibana, na kupitia pazia la mlango nilisikia mazungumzo yao kila siku. "Mwezi umekua, baba," Bi Mwamini angesema, "kesho watakuletea mzigo." Na mzee angejibu, "Waje tu, spea zenyewe ziko wapi?" Niliyasikia maneno hayo mwezi baada ya mwezi huku nikipiga mswaki. Nayaandika nikiwa nimejikasirikia, maana kila nilichohitaji kukijua kilikuwa kinasemwa upande wa pili wa kitambaa.

Binti yao, Mariamu, alikuwa ameolewa kijiji cha kusini, saa tatu kwa boti yenye injini. Alikuwa na ujauzito wa pili. Wa kwanza alizaa kwa kupasuliwa, na kovu lile lilimtia Bi Mwamini wasiwasi. Desturi yao ilikuwa binti kuja kwa mama yake mwezi mmoja kabla ya siku zake, akae karibu na hospitali mpaka ajifungue. Siku moja wakati wa chakula cha mchana Bi Mwamini alikuwa analalamika kwamba mkwe anasita kumwachia mke, mavuno ya muhogo yamewaelemea. Nikatia mdomo wangu pasipo kuulizwa.

"Mama, akae tu huko kwake," nilisema. "Mfumo wetu utakuwa umeanza. Nesi akibonyeza simu, boti inakuja."

"Inakuja kweli, mwanangu?"

"Nimeipima mimi mwenyewe. Haijakosea hata mara moja."

Bi Mwamini aliniongezea kipande cha samaki. Siku ile ile alimpigia binti yake simu, nikamsikia akimwambia kwamba Devota wa kompyuta amesema asihangaike. Devota wa kompyuta ndiye mimi.

Majuma mawili kabla ya uzinduzi nilirudi kutoka kazini mapema, nikakuta wavuvi wanne wanashusha injini kwenye mkokoteni uani. Gogo lilikuwa limejaa. Kwa mara ya kwanza katika miezi saba nikauliza swali. "Mzee, shikamoo. Kwani zote hizi zimeharibika kwa pamoja?"

Mzee Hamisi alicheka mpaka akaweka spana chini. "Marahaba. Zimeharibika wapi, binti! Mbalamwezi hii. Dagaa hafuati taa wakati mwezi unawaka, utamvua na nini? Wanavuta boti juu, wanafungua injini wanazileta huku. Ya kusafishwa isafishwe, ya kutengenezwa itengenezwe. Na hata nzima hawaiachi ufukweni, itaibwa. Giza likirudi ndio wanazifuata."

"Siku ngapi?"

"Juma moja. Saa nyingine siku kumi."

Nikaukumbuka mchoro. Kwenye ukuta wa Katubuka kulikuwa na kijumba kilichoandikwa Ipo ufukweni, na maana yake ilikuwa boti iko tayari. Kumbe siku za mbalamwezi boti zote za dagaa za mwambao ziko ufukweni, zimepangana, na hakuna hata moja yenye injini. Siku hizo, ambazo boti haziwezi kwenda popote, ndizo mfumo wetu ungeziona zimejaa tele. Na majaribio yetu mia na kumi na mawili yangezidi kuwa kijani, maana hakuna mshale hata mmoja uliojua kwamba boti na injini ni vitu viwili.

Asubuhi nilimkuta Mhandisi anakunywa chai kwa karanga. Nilimweleza yote kwa pupa, na mikono. Alinisikiliza vizuri, hilo nampa. Kisha akauliza, "Kuna jaribio lililofeli?"

"Hakuna, Mhandisi. Ndiyo shida yenyewe."

"Dada Devota, wewe ni mpimaji. Kazi yako ni kuthibitisha kwamba programu inafanya yaliyo kwenye mchoro. Inafanya au haifanyi?"

"Inafanya. Lakini mchoro una makosa."

"Mchoro umetiwa sahihi." Akapangusa ganda la karanga kwenye shati. "Nikiongeza kijumba kimoja, lazima urudi Dar, upitiwe upya, mgeni rasmi aahirishwe. Kwa ajili ya mwezi? Tutaliingiza awamu ya pili."

"Awamu ya pili ni lini?"

"Baada ya ya kwanza."

Nikamwambia basi nahodha apewe walau njia ya kujibu kwamba hawezi. Akasema hilo nalo ni mshale mpya. Nikamwambia tuwaonye manesi. Akasema ukimtia mtu shaka juu ya mfumo kabla haujaanza, hatautumia. Siku ile ile mchana nesi Yolanda, wa zahanati ya kijiji cha kina Mariamu, alikuwa kwenye mafunzo pale sebuleni pamoja na wenzake. Aliingia na "mwakeye" yake ya Kiha akatusalimia wote mmoja mmoja, akakaa kiti cha mbele. Mhandisi alipomaliza kueleza, alinyoosha mkono. "Na ikisema imepatikana, halafu isije?"

Mhandisi akaugeukia ukuta, akaupitia mchoro kwa kalamu yake kuanzia juu mpaka chini, taratibu, kwa heshima zote. "Hiyo njia haipo," akamjibu. Watu wakacheka kidogo. Yolanda naye akacheka, akaandika kitu kwenye daftari lake. Mimi nilikuwa nimeegemea mlango wa jikoni, najua jibu, nikaufyata. Mpaka leo nikifika hapa nashindwa kukaa kitako.

Karatasi ya kutia sahihi ililetwa mezani kwangu siku ya tatu. Ilisema kwamba majaribio yote yaliyotokana na mchoro ulioidhinishwa yametekelezwa na yamefaulu. Niliisoma mara nyingi nikitafuta uongo, ili nipate sababu ya kukataa, na sikuuona. Kila neno lilikuwa la kweli. Ajira yangu ilikuwa inaisha mwezi ule na Mhandisi alikuwa ameshasema kwa upole kwamba anatafuta watu wa kuendelea nao. Nikatia sahihi. Nilijiambia kwamba Mariamu bado ana majuma sita, kwamba nitamwambia Bi Mwamini jioni, kwamba awamu ya pili haiko mbali. Jioni Bi Mwamini alipika kisamvu cha karanga, akaniuliza kazi inaendaje, nikamwambia inaenda vizuri. Ningemwambia nini? Kwamba nilijisifu mezani kwake kwa jambo nisilolijua? Aibu ilinishika, na nikaiachia aibu hiyo iamue uhai wa watu.

Uzinduzi ulifanyika Bangwe, mwezi ukiwa umefichama na wavuvi wakivua kila usiku, injini zote ziko nyuma ya boti zao. Kulikuwa na turubai na viti vya plastiki. Nesi mmoja alibonyeza simu mbele ya mgeni rasmi, simu ikajibu, na baada ya dakika chache boti ikaibuka kwa kishindo, nahodha amevaa fulana mpya ya mradi. Watu walishangilia, kina mama wakapiga vigelegele. Mhandisi Elibariki alinishika bega akaniambia, "Unaona?"

Mariamu alishikwa na uchungu majuma mawili kabla ya siku zake, asubuhi, mbalamwezi ikiwa imerudi. Haya niliyapata baadaye kutoka kwa nesi Yolanda na kutoka kwenye kumbukumbu za mfumo, ambazo zilihifadhi kila ujumbe na saa yake. Yolanda aliona mapema kwamba kovu halitastahimili, akaomba boti. Mfumo uliziona boti zote za kijiji kile ziko ufukweni, ukachagua moja, ukamjibu: Boti imepatikana. Nahodha alipata ujumbe wake akiwa shambani. Aliandika haraka: injini iko kwa fundi mjini. Mfumo ukamjibu kwamba ujumbe wake haujaeleweka. Akaandika tena kwa maneno mengine, ukamjibu vile vile. Jibu hilo kwa ujumbe usiotambulika lilikuwa mojawapo ya majaribio yangu, na lilifaulu. Yule nahodha akaacha kuandika, akakimbia kijiji cha pili kutafuta injini ya kuazima, na kule zahanati wao walikuwa wanasubiri boti iliyokwisha kupatikana. Injini yake ilikuwa juu ya gogo uani kwetu. Mzee Hamisi, baba wa Mariamu, alikuwa ameimaliza asubuhi ile ile na alikuwa anaifuta mafuta kwa kitambaa nilipompita nikienda kazini, nikamwamkia.

Mariamu alifikishwa hospitali alasiri, kwa injini ya kuazima. Yeye walimwokoa. Mtoto, wa kiume, alikuwa ameshakufa.

Siku ya tano Mhandisi alileta taarifa yake ofisini. Nimeshasoma taarifa nyingi katika kazi hii, sijaona nyingine iliyonikasirisha kama ile. Ilisema mfumo ulifanya kazi kama ulivyokusudiwa. Ilisema kucheleweshwa kwa mgonjwa kulitokana na makosa ya watumiaji: nahodha alitoa majibu yasiyo kwenye utaratibu, na zahanati haikuchukua hatua mbadala kwa wakati. Chini yake, kama ushahidi, ilikuwa imebanwa karatasi yangu, na sahihi yangu. Nilimwuliza hatua mbadala zipi, wakati tulimwambia Yolanda njia hiyo haipo. Akaniambia nipunguze sauti. Nilimwambia sipunguzi. Nilimwita muuaji mbele ya dereva na mhudumu, na siku hizi naona nilikuwa nagawa lawama vibaya, nikimpa yeye mzigo mzima ili mimi nibaki mikono mitupu. Niliandika barua ya kuacha kazi mchana ule. Hakuna aliyeniomba nibaki.

Lakini kuacha kazi ni rahisi. Kilichobaki ni kurudi Kasingirima. Mariamu alikuwa ameruhusiwa, amelazwa chumba cha mama yake, mlango wa pili kutoka kwangu. Nilimkuta Bi Mwamini barazani anachambua mchele, nikakaa chini kwenye mkeka, nikamwambia yote: mbalamwezi, mchoro, kwamba nilijua kabla, kwamba nilitia sahihi, na kwamba sasa wameandika kosa ni la Yolanda na nahodha. Alichambua mpaka ungo ukaisha. Hakuniangalia.

"Nenda ukamwambie mwenyewe," akasema. "Mimi hayo siwezi kuyabeba nikayafikisha."

Mariamu alikuwa amekaa kitandani, mgongo ukutani, kifua amekifunga kanga kwa nguvu kwa sababu maziwa yalikuwa yamekuja. Kulikuwa na kikombe cha uji hajakigusa. Nilianza kueleza, nikachanganyikiwa, nikaanza kusema habari za vijumba na mishale, mpaka akaninyooshea kiganja ninyamaze.

"Dada Devota, nikwambie kitu ambacho mama sijamwambia," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, nikasogea. "Wanaume walikuwepo pale zahanati. Sita. Shemeji zangu na wengine. Walikuwa wameshashusha mtumbwi majini, kila mtu na kasia lake mkononi. Walisema watapiga kasia mpaka wakutane na boti ya abiria huko mbele. Ziwa lilikuwa limetulia. Yolanda akanionyesha simu, imeandika imepatikana. Akasema mimi ndiye niamue. Nikakumbuka mama aliniambia wewe umeipima. Nikawaambia warudishe mtumbwi. Nikawaambia wasubiri. Wakarudisha, wakakaa kivulini, tukasubiri wote. Kila siku nikifumba macho nawaona wanaweka makasia chini. Mwanangu nimemuua mwenyewe kwa mdomo wangu."

Nilimshika mikono yote miwili. Ilikuwa ya moto. Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha, lakini niliona kwamba nikiuomba pale nitakuwa nimemwongezea kazi nyingine. Nikamwambia neno ambalo hakuna mtu wa mradi ule aliyewahi kulisema, na ambalo mwezi uliopita, pale Dar, nilipaswa kusimama nikalisema kwa sauti mbele ya wale vijana wenye makofi, nami nikatoka nje.

"Si wewe uliyewaambia wasubiri, Mariamu. Ni mimi."